Munanila au Mnanila: kisa cha tangazo moja la msiba Kigoma

Mchana tangazo lilisomwa "Munanila". Usiku likasomwa "Mnanila". Karatasi ileile, msomaji yuleyule, marehemu yuleyule. Kati ya usomaji wa kwanza na wa pili ilitolewa irabu moja tu, na kwa ajili ya irabu hiyo redio moja ya hapa mjini Kigoma, ambayo sitaitaja, ilipokea simu na wageni mapokezini karibu juma zima.

Uongozi wa redio hiyo uliniomba nilitazame jambo hili kwa sababu nafundisha Kiswahili na huwa nawasaidia kuhariri taarifa zao. Nimezungumza na msomaji, na msimamizi wa zamu, na mzee wa familia, na nimesikiliza rekodi ya kipindi ambacho mjadala ulilipuka. Naliandika kwa kirefu kwa sababu naamini wengi waliolisikia walimtupia lawama mtu asiyehusika.

Yaliyotokea

Marehemu alikuwa mzee wa wilaya ya Buhigwe aliyefia hospitalini hapa mjini. Familia ilileta karatasi ya tangazo asubuhi, imeandikwa kwa herufi kubwa na mwandiko safi: jina, orodha ya wanaopewa taarifa kuanzia Nguruka na Uvinza mpaka Dar es Salaam, kisha mahali pa mazishi, Munanila. Anayezijua redio za huku anajua uzito wa karatasi kama hiyo. Hata leo, simu zikiwa mikononi mwa watu wengi, wako wazee ambao hawafungi safari ya msiba mpaka wasikie redioni. Taarifa ya habari huweza kupita huku watu wakiongea. Likianza tangazo la kifo, nyumba inanyamaza.

Msomaji ni binti aliyezaliwa Muheza, mkoani Tanga, ambaye hakuwa na muda mrefu Kigoma. Mchana alisoma alichokikuta kwenye karatasi. Alipotoka studio, msimamizi wa zamu alimwita pembeni akamwambia, "Dada, pale soma Mnanila. Sisi tunatangaza kwa Kiswahili." Msimamizi ni mzaliwa wa Kasulu, Mha kwa baba na kwa mama, yaani wa kabila la wenyeji wa huku, ambao lugha yao ni Kiha. Binti hakubishana na mkubwa wake katika nchi ya mkubwa wake. Saa mbili usiku akasoma alivyoelekezwa.

Kule Nguruka mjukuu wa marehemu alikuwa amepashwa habari ya usomaji wa mchana na jirani, kisha usiku akasikiliza mwenyewe. Akapiga simu Kigoma: "Baba mdogo, kwani mazishi yamehamishwa?" Swali lake halikuwa la kijinga. Redio ikirudia tangazo na neno moja likasikika tofauti, msikilizaji ana haki ya kudhani kwamba usomaji wa pili ndio marekebisho ya ule wa kwanza.

Kesho yake asubuhi mdogo wa marehemu alifika mapokezini. Aliamkiwa, akaitikia, akakataa kiti. Alisema: "Mchana mlitusomea vizuri. Huyo aliyetuhamisha usiku ni nani?" Hakupandisha sauti, na waliokuwapo wananiambia ndiyo sababu hakuna aliyejua la kumjibu.

Baadaye siku hiyo, katika kipindi cha salamu, msikilizaji mmoja aliligusa jambo hilo kwa juujuu, na kipindi hakikurudi tena kwenye salamu. Zilipigwa simu nyingi. Tatu ndizo zilizobeba mjadala wote, na nitazipitia moja moja. Kabla ya hapo lazima niseme lililo muhimu kuliko yote katika kisa hiki: karibu kila aliyepiga simu alimlaumu "huyo mtoto wa pwani asiyejua majina yetu". Mtoto wa pwani ndiye aliyelisoma jina vizuri. Aliyelibadili ni mtu wa hapahapa.

U iliyotolewa

Msimamizi hakubahatisha. Ana kanuni, na kanuni yake ina msingi. Kiswahili cha Unguja, ambacho mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kilikuwa kimekwisha kuipoteza u inayofuata m katika maneno kama mtu na mke. Kiha hakikuipoteza. Mha anasema umuntu, umugabo, umugore, na u zote zinasikika. Ndiyo maana mtoto wa Buhigwe au Kasulu akianza shule, moja ya vitu vya kwanza anavyokaripiwa ni hicho: usiseme mutoto, sema mtoto, usiseme mutu, sema mtu. Anachekwa na wenzake, anasahihishwa na mwalimu, mpaka anakuwa mtu mzima aliyeumizwa na herufi hiyo na aliyejifunza kuikwepa kila aionapo. Msimamizi alipoiona Munanila kwenye karatasi alifanya kile alichofundishwa kufanya tangu darasa la kwanza.

Lakini kanuni ya mtoto na mtu ni ya kiambishi cha ngeli. Haikutungwa kwa ajili ya majina ya mahali, na nchi yenyewe inathibitisha hivyo. Hakuna anayeita Musoma "Msoma". Hakuna anayesema Mfindi, Mleba au Mgumu kwa maana ya Mufindi, Muleba na Mugumu ya Serengeti. Binti huyu anatoka Muheza. Nilipomuuliza kama aliwahi kuambiwa kwamba jina la kwao si la Kiswahili, alishangaa swali lenyewe. Mtu anaweza kunijibu kwamba mbele ya h mdomo wa Mswahili huipenda u, ndiyo maana tunasema muhogo na Muhimbili, na kwa Muheza nitakubali. Musoma na Muleba hazina h. Zina u kwa sababu wenyeji wake wanaitamka, walioandika waliwasikia, na redio za taifa zikazisoma hivyo miaka yote bila Kiswahili kudhurika.

Kwa nini basi Musoma ibaki na Munanila imezwe? Sioni sababu ya lugha. Nadhani sababu iko kwenye simu ya tatu, na nitafika huko.

Simu ya Kasulu

Mama mmoja alipiga kutoka Kasulu akauliza swali ambalo wasomi wangepaswa kuliuliza: "Mbona Msambara mnaisoma hivyohivyo na sisi hatujalalamika?"

Ana haki. Ukizisoma orodha za kata za Buhigwe na Kasulu utaona mchanganyiko usio na mpango. Buhigwe ina Munanila, Muhinda, Mugera, Munzeze na Muyama, zote na u yake, halafu katika orodha hiyohiyo ipo Mkatanga. Kasulu ina Muganza na Murufiti, halafu ipo Msambara. Hata Munanila yenyewe utaikuta imeandikwa Mnanila katika baadhi ya karatasi. Kuna majina yaliyomezwa nusu. Kiha kina ku- ya mahali, kama kilivyo na mu- ya mahali, na majina kama Kumsenga na Kumnyika yanaibeba ku- hiyo mpaka leo huku u ya pili, iliyokuwa baada ya m, ikiwa imeachwa na mwandishi njiani. Kila jina liliandikwa na karani fulani, kwa wakati fulani, kwa sikio alilokuwa nalo. Mmoja alisikia na kuandika, mwingine alisikia na kusahihisha.

Jibu langu kwa mama wa Kasulu ni kwamba swali lake limebeba jibu ndani yake. Hawajalalamika. Watu wa Msambara wakizungumza Kiswahili wanasema Msambara, na ndivyo watoto wao wanavyoandika kwenye madaftari ya shule. Wakizungumza Kiha u inarudi, wala hakuna anayeiona kuwa kasoro. Redio haina kazi ya kuwarudishia kitu ambacho hawakukiomba. Familia ya Munanila iliandika jina lao kwa mkono wao na kulileta mapokezini. Huo ndio ushahidi uliokuwapo mezani siku ile, nao ulitosha.

Simu ya Ujiji

Simu ya pili ilitoka kwa mzee wa Ujiji, na ilikuwa na hasira kidogo. "Kama hao wanarudishiwa u yao, basi na sisi mtuite Bujiji. Au sisi majina yetu ndiyo ya kuchezewa?"

Hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanaotetea majina ya asili huteleza mahali hapa. Wanadhani kila jina lina umbo moja la kweli, lile la kilugha, na umbo la Kiswahili ni uharibifu wa baadaye. Kwa Ujiji hilo si kweli. Ni kweli kwamba Kiha kinaanza na bu- pale Kiswahili kinapoanza na u-: Buha ni Uha, Buvinza ni Uvinza, na Bujiji ni Ujiji. Kinyamwezi kinafanya vivyo hivyo, ndipo tunapata Bunyamwezi na Unyamwezi. Lakini Ujiji ilikuwa mji wa misafara. Burton na Speke walipofika ziwani mwaka 1858 walikuta watu wa pwani wamekwisha kutangulia. Stanley alipomkuta Livingstone hapo mwaka 1871, Kiswahili kilikuwa lugha ya soko, ya misikiti na ya nyumba nyingi. Wamanyema waliovuka ziwa kutoka upande wa Kongo walikikuta, wakakichukua, na wajukuu zao hawana lugha nyingine ya kwanza. Mtu wa Ujiji anaposema Ujiji haazimi jina la kwao kutoka kwa mtu mwingine. Analitamka kwa lugha ya mama yake.

Kumwambia mzee huyo kwamba jina sahihi ni Bujiji ni kumfanyia kosa lilelile ambalo familia ya Munanila ilifanyiwa. Mha anayesema Bujiji katikati ya mazungumzo ya Kiha naye hajakosea.

Umbo la jina linategemea nani alilieneza. Majina yaliyokuwa kwenye njia ya misafara yalisafiri kwenye midomo ya Waswahili na wapagazi wa Kinyamwezi, yakatua kwenye ramani yakiwa na u-. Yale ya ndani, yaliyoandikwa baadaye na watawala walioyasikia kwa wenyeji, yalibaki na bu-. Hata ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji utazikuta kata za Buhanda, Businde na Buzebazeba, majirani wa Ujiji kabisa, na hakuna aliyewahi kuziita Uhanda na Usinde. Tabaka hizi mbili zimeishi pamoja katika mji mmoja kwa muda mrefu bila kugombana, na sioni kwa nini redio izigombanishe.

Katika kipindi kile baadhi waliunganisha pia suala la l na r katika majina ya mito: Luiche au Ruiche, Lugufu au Rugufu. Hili nalipitisha haraka, maana kwa maoni yangu halina ugomvi wa kweli. Msikilizaji yeyote wa Kigoma anayesikia Ruiche anajua ni bonde lile lile la mpunga, na hakuna atakayepotea njia. Mfano mmoja tu nauweka hapa kwa wale wanaodai kwamba karatasi za serikali zina jibu moja. Mto mmoja wa mkoa huu umeipa jina lake ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyokuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa katika orodha ya mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000. Umelipa jina pori la akiba la Moyowosi. Ukaipa jina na kambi ya wakimbizi ya Muyovosi kule Kasulu. Mto mmoja, nyaraka tatu rasmi, tahajia tatu. Malagarasi yenyewe ukivuka mpaka unaisikia Muragarazi au Malagarazi, na maji hayajabadilika.

Simu ya Kibirizi

Simu ya tatu ilikuwa fupi kuliko zote. Kijana aliyesema yuko Kibirizi alicheka, akasema: "Hao wanaotaka Munanila ni Warundi tu, waacheni." Fundi mitambo aliikata. Ilikwisha kusikika.

Nilipokaa na msimamizi wa zamu, nilianza na maelezo yote niliyoyaandika hapo juu kuhusu Musoma na Muleba. Alisikiliza kwa heshima. Kisha akaniambia, kwa maneno yake: "Mwalimu, hayo nayajua. Wewe hujawahi kusimamishwa ukaulizwa babu yako alizaliwa wapi kwa sababu ya jinsi ulivyosema neno moja."

Kuanzia hapo mazungumzo yetu yalibadilika, na nadhani hapo ndipo kisa hiki kilipo.

Mtu wa Dar es Salaam hawezi kulielewa hili kirahisi. Kiha, Kirundi na Kinyarwanda ni ndugu wa karibu, kiasi kwamba mzee wa Manyovu, kule mpakani, na mzee wa upande wa Burundi wanaelewana bila mkalimani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Buha na Urundi zote zilikuwa ndani ya koloni moja la Wajerumani. Mpaka tulionao uliwekwa na wakoloni baina ya watu waliokuwa wakioana na kuuziana mifugo. Halafu yakaja machafuko ya Burundi, ya mwaka 1972, ya 1993 na ya 2015, na kila mara mkoa huu ndio uliofungua mlango. Tumewapokea watu wengi, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini lilizaa pia shaka ambayo wenyeji wa mpakani wanaibeba: ukiwa Mha mwenye lafudhi nzito, kwenye kituo cha ukaguzi barabarani au kwenye dirisha la ofisi, u moja iliyotamkwa vizuri inaweza kukuletea maswali ambayo mtu wa Muheza haulizwi, ingawa naye kwao kunaanza na Mu.

Sasa swali lile la Musoma na Munanila linapata jibu lake. Mu ya Musoma haimtishi mtu, kwa sababu hakuna anayesikia mpaka ndani yake. Mu ya Munanila inasikika kama mpaka. Msimamizi alipomwambia binti wa Tanga aitoe, alikuwa akiikinga familia ile, na akijikinga mwenyewe, dhidi ya simu kama ya yule kijana wa Kibirizi. Alinieleza pia sababu ya pili. Masharti ya utangazaji yanataka Kiswahili au Kiingereza, naye anaogopa siku moja kuambiwa kwamba kituo kinatangaza kwa kilugha.

Sababu hii ya pili haina nguvu. Kulitamka jina la kijiji kama wanakijiji wanavyolitamka hakukigeuzi kipindi kuwa cha Kiha, kama ambavyo kutamka Muleba hakukigeuzi kuwa cha Kihaya. Ile ya kwanza ina nguvu, na siwezi kuipuuza. Inatokana na maisha ya mtu. Hata hivyo nilimwambia, na narudia hapa, kwamba dawa aliyoitumia inalisha ugonjwa wenyewe. Kila mara Mha anapoifuta mu redioni ili asidhaniwe mgeni, anathibitisha kwa wasikilizaji wote kwamba mu ni alama ya ugeni. Kijana wa Kibirizi alijifunza wapi kwamba Munanila si jina la Kitanzania? Si kwa Watanga. Alijifunza kwa kutolisikia jina hilo likitamkwa kwa kujiamini katika redio ya mkoa wake mwenyewe. Munanila ni kata ya wilaya ya Buhigwe, wilaya iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Kasulu, katika Jamhuri ya Muungano. Kulitamka jina lake lote, bila kupunguza, ni kusema kwamba watu wake ni wetu.

Msimamizi hakukubali yote. Aliniambia kwamba ni rahisi kwangu kusema hivyo, na kwamba ushujaa wa kwanza usidaiwe kwa wale wanaoulizwa maswali barabarani. Nimeiacha hoja yake hapa kama alivyoisema kwa sababu ni ya haki. Ndiyo maana mapendekezo yangu yamemwelemea mwenye redio zaidi kuliko msomaji au msimamizi.

Tulichokubaliana

La kwanza, na lililokubaliwa bila ubishi, ni kwamba tangazo likishasomwa mara moja halibadilishwi matamshi. Kama kuna kosa, lisemwe kuwa ni kosa na lirekebishwe hadharani. Swali la mjukuu wa Nguruka lilitosha kulimaliza hili.

La pili, anayeleta tangazo aombwe alitamke jina la mahali pa mazishi pale mapokezini, na sauti yake ichukuliwe kwa simu ya ofisi. Hili wazo ni la binti wa Muheza, si langu. Alisema jambo ambalo mimi na msimamizi, katika kugombea u ile, tulikuwa hatujaligusa: hata jina likiandikwa sawasawa, karatasi haimwonyeshi wapi sauti inavutwa na wapi inapanda. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kazi imekwisha. Kiha kina irabu ndefu na fupi, kina toni ya juu na ya chini, na tahajia yetu haibebi hata kimoja. Mgeni anaweza kuzisoma herufi zote za Buhigwe au Kibwigwa, asiache hata moja, na mwenyeji bado akasikia kitu kisicho cha kwao. Binti ameanza daftari. Jina analiandika kama lilivyo rasmi, na chini yake anaandika tena kwa njia yake, irabu inayovutwa akiiandika mara mbili na sauti inayopanda akiipigia mstari. Nimeliona. Limefanywa kwa uangalifu kuliko orodha nyingi nilizowahi kushika.

Kuhusu l na r, afuate karatasi, na mpiga simu asisahihishwe hewani kwa vyovyote. Kuhusu Ujiji na Uvinza, hakuna linalobadilika. Katika taarifa za habari, ambako redio yenyewe ndiyo inayoandika, jina liandikwe kama lilivyo kwenye orodha rasmi ya kata na vijiji na litamkwe kama daftari linavyoonyesha. Msimamizi aliuliza afanyeje na Muyovozi na wenzake. Nilimjibu kwamba habari ya pori la akiba itaje Moyowosi na habari ya ardhioevu itaje Muyovozi, kwa kuwa ndivyo maeneo hayo yanavyoitwa rasmi, na atakapomhoji mvuvi au mfugaji wa huko amwachie mdomo wake.

Lililobishaniwa zaidi lilikuwa simu ya Kibirizi. Nilipendekeza kwamba mpiga simu anayemwita mwenzake mgeni kwa sababu ya matamshi akatwe, na mtangazaji aseme wazi kwamba redio haikubaliani na kauli hiyo. Wengine waliona kukata kunatosha, na kusema zaidi ni kuliwasha upya. Mwenye redio aliamua isemwe, kwa sentensi moja, bila mahubiri. Kwa uamuzi huo mzigo umetoka kwa msimamizi ukawekwa kwa mwenye leseni.

Mzee wa familia hakudai fidia wala samahani hewani. Aliomba tu kwamba tangazo la shukrani, watakapolileta baada ya matanga, lisomwe na binti yuleyule.

Liko jambo linalonifanya nitamani redio zote za mkoa zifanye daftari kama hili mapema. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, iliyokwenda sambamba na maandalizi ya sensa ya Agosti mwaka huo, iliingiza majina ya mitaa kwenye vibao na kwenye mfumo wa kompyuta. Zamani barua iliyoandikwa Luiche na iliyoandikwa Ruiche zote zilifika, kwa sababu mtu ndiye aliyekuwa anazisoma. Mfumo unataka moja. Jina litakaloingia ndilo mtoto atakaloandika kwenye fomu, na baada ya muda ndilo atakalotamka. Wenyeji wasipoulizwa sasa, watakuja kulalamika wakati jina limekwisha kuota mizizi kwenye vitambulisho.

Daftari la binti kwa sasa limejaa upande wa Buhigwe na Kasulu, na Kibondo na Kakonko zimeanza. Upande wa kusini mwa mkoa, kando ya ziwa, Buhingu, Kalya na vijiji vinavyopakana na milima ya Mahale, kurasa bado ziko wazi, kwa sababu huko wenyeji ni Watongwe na katika redio ile hakuna anayekijua Kitongwe. Hatukutaka Mha wala Mswahili wa Ujiji awasemee. Anatafutwa mtu mzima wa huko, mwanamke au mwanamume, atakayekuwa tayari kukaa na binti huyo na kuyatamka majina ya vijiji vyao polepole, mara mbili kila moja.